Stendi za spika ndogo za rafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu spika ndogo za njia mbili, yaani zenye wufa moja (kipaza cha besi na sauti za kati) na twita moja (kipaza kidogo cha sauti nyembamba), zinazosikilizwa sebuleni au chumbani. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumekuelekeza lilipo.

## Mambo ya mwanzo

Zinaitwa spika za rafu. Kwa nini basi zisikae kwenye rafu?

Jina linaeleza ukubwa wake, si mahali pa kuziweka. Spika ya LS3/5A, ambayo wahandisi wa BBC waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ina kimo cha sentimita 30 hivi na uzito wa kilo 5 hivi. Kwa umbo ni spika ya rafu kabisa, lakini walioipenda majumbani wameizoea juu ya stendi, mbali kidogo na ukuta.

Ukiiweka spika juu ya kabati la TV au ndani ya shoukesi, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Ubao hutikisika na kutoa sauti yake wenyewe, na ukiweka kiganja juu yake wakati besi inapiga utausikia ukitetema. Sauti inayotoka kwenye twita hugonga ubao ulio mbele yake, ikafika sikioni ikiwa imechelewa kidogo, na baadhi ya sauti hukatana. Tena ukuta wa nyuma, kwa kuwa uko karibu, huivimbisha besi. Glasi na vikombe vilivyomo kabatini navyo huanza kulia.

Stendi inabadilisha sauti kweli, au ni pambo?

Inabadilisha, na sababu kubwa ni kwamba inaiweka spika mahali panapofaa: twita usawa wa sikio, kasha mbali na ukuta, mbele yake hapana ubao. Stendi ya bei ndogo yenye urefu sahihi itaishinda stendi ya kifahari yenye urefu usiofaa. Kazi ya pili ni kutulia: isitikisike, isilie, isianguke. Aina ya chuma, rangi na mapambo huja baada ya hayo, na tofauti zake kwa sauti ni ndogo. Fedha yako ielekee kwenye urefu na uzito.

Nipime nini kabla ya kwenda dukani au kwa fundi?

Chukua futi kamba na uandike vipimo vitano: kimo cha sikio lako ukiwa umekaa pale unapokaa kila siku, kimo cha katikati ya twita kutoka chini ya spika, upana na kina cha chini ya spika, uzito wa spika moja, na nafasi iliyopo kati ya spika na ukuta wa nyuma. Kama mzani huna, panda mzani wa bafuni au wa zahanati ukiwa umeibeba spika, kisha utoe uzito wako.

## Urefu

Stendi iwe na urefu gani?

Kimo cha sikio, utoe kimo cha twita. Tuseme sikio lako liko sentimita 92 kutoka sakafuni, na twita iko sentimita 25 kutoka chini ya spika. Unahitaji stendi ya sentimita 67. Humo hesabu kila kitu: spaiki (miguu yenye ncha kali), mipira ya miguu na chochote utakachoweka kati ya stendi na spika.

Stendi za dukani mara nyingi ni sentimita 50, 60 au 70, na ile ya 60 ndiyo inayopatikana zaidi. Kwenye makochi mengi ya siku hizi, ambayo ni ya chini na yana mgongo ulioegama, sikio huangukia kati ya sentimita 85 na 100. Pima ukiwa umeegama kama unavyoegama kweli, maana ukikaa wima kama uko kwa mpiga picha utapata kipimo cha uongo.

Nikikosea kwa sentimita chache, nitasikia tofauti?

Inategemea unakaa umbali gani. Ukiwa mita 2.5 kutoka kwenye spika, kosa la sentimita 10 ni nyuzi 2 hivi tu, na spika nyingi hazijali. Ukiwa mita 1, kama wanavyokaa wenye spika mezani, kosa hilohilo linakaribia nyuzi 6, na hapo sauti ya mwimbaji huanza kupoteza uhai wake. Sababu ni kwamba kuna eneo ambamo wufa na twita hutoa sauti moja kwa pamoja, mara nyingi karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 3,000. Sikio likipanda au kushuka mno, sauti hizo mbili haziwasili kwa wakati mmoja na hukatana.

Jaribio rahisi: weka wimbo wenye sauti ya mtu mmoja, kaa, kisha jiinue polepole mpaka usimame. Utasikia sauti ikififia na kubadilika rangi.

Sisi tunakaa chini, kwenye majlisi. Tununue stendi zipi?

Kwenye matandiko ya majlisi, iwe Zanzibar, Lamu au Maskati, sikio la mtu mzima huwa karibu sentimita 70 hadi 85 kutoka sakafuni. Ukitoa sentimita 25 za twita, stendi inayofaa ni ya sentimita 45 hadi 60. Za 70 zitawapigia ukuta juu ya vichwa vyenu. Kama wageni hukaa chini na wenyeji kwenye viti, chagua kimo cha chini na uielekeze spika juu kidogo, kama ilivyoelezwa katika jibu linalofuata.

Nimeshanunua, na urefu si sahihi. Nifanyeje?

Kama stendi ni fupi, inua sehemu ya mbele ya spika. Gawanya tofauti ya kimo kwa umbali unaokaa, kisha zidisha kwa kina cha spika. Mfano: twita iko chini ya sikio kwa sentimita 40, unakaa sentimita 250, na spika ina kina cha sentimita 20. 40 kwa 250 ni 0.16, na mara 20 ni 3.2. Inua mbele kwa sentimita 3 hivi kwa kipande cha mpira mgumu au mbao yenye mpira juu, na uhakikishe spika haiwezi kuteleza kwenda nyuma.

Kama stendi ni ndefu, igeuze spika juu chini ili twita iwe chini. Haidhuru chochote. Jaribu kwanza kabla ya kumpelekea fundi aikate.

## Umbali na ukuta

Niweke stendi mbali kiasi gani na ukuta wa nyuma?

Anza na sentimita 40 hadi 60 kutoka ukutani hadi mgongo wa spika, halafu sogeza kwa sentimita 5 ukisikiliza. Besi huenda kila upande. Ile inayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi, na kuna sauti moja ambayo ikirudi huikata ile ya mbele. Kuijua, gawanya 87 kwa umbali wa mita kutoka uso wa wufa hadi ukutani. Kwa mita 0.6 unapata hezi 145, kwa mita 1 hezi 87, na kwa mita 0.3 hezi 290. Huwezi kuliondoa shimo hilo la sauti iliyokatwa, ila unaweza kuchagua likae wapi.

Hesabu hiyohiyo inahusu sakafu na ukuta wa pembeni. Kwa hiyo epuka umbali unaolingana: kama wufa iko sentimita 75 kutoka sakafuni, usiiweke pia sentimita 75 kutoka ukuta wa nyuma na 75 kutoka wa pembeni. Mashimo matatu yatarundikana mahali pamoja.

Spika yangu ina tundu la hewa nyuma. Je, lazima niivute katikati ya chumba?

Hapana. Acha angalau sentimita 15 ili hewa ipite bila kuzuiwa. Kama nafasi hairuhusu zaidi na besi inavuma, sokota kipande cha sponji ukizibe tundu. Besi ya chini kabisa itapungua, lakini iliyobaki itakuwa safi zaidi. Sponji isiwe ndogo ikaingia ndani ya kasha.

Sebule yangu ni mita 3 kwa 4 na ina kochi, meza na TV. Nitaweka wapi?

Weka stendi mbili mbele ya ukuta mfupi, ziachane mita 1.6 hadi 2, na wewe ukae umbali unaokaribiana na huo. Usiisukume stendi kwenye kona, kwa sababu hapo kuta mbili na sakafu zote huongeza besi. Sebule zetu nyingi zina vigae na kuta tupu za saruji, zinalia kama bafu. Zulia au mkeka mkubwa kati yako na spika, pamoja na mapazia mazito, vitakusaidia kuliko kubadilisha stendi.

## Umbo, uthabiti na usalama

Pleti za juu na za chini ziwe na ukubwa gani?

Ya juu ilingane na sehemu ya chini ya spika au iwe ndogo kidogo, sentimita 1 hadi 2 kila upande. Ikizidi spika kwa mbele, inarudisha sauti kama ubao wa kabati. Ya chini iwe pana kuliko spika pande zote: kwa spika ya upana wa 18 na kina cha 25, usishuke chini ya sentimita 30 kwa 30.

Nina watoto wadogo. Je, zitaanguka?

Hili ndilo swali la kulichukua kwa uzito kuliko yote, kwa sababu spika ya kilo 6 inayoanguka kutoka kimo cha mtoto inajeruhi.

Kinachoamua ni upana wa pleti ya chini na kimo cha kitovu cha uzito. Chukua spika ya kilo 6 juu ya stendi nyepesi ya kilo 3, urefu wa sentimita 60, pleti ya chini sentimita 30. Kitovu cha uzito kinakaa karibu sentimita 59 kutoka sakafuni, na ukiisukuma ikainama nyuzi 14 inakwenda. Sasa chukua stendi ya chuma ya kilo 10 na nusu yenye mchanga kilo 5 na nusu ndani yake, pleti ileile. Kitovu kinashuka hadi sentimita 35 hivi, na inahitaji kuinama nyuzi 23. Ukipanua pleti hadi sentimita 40, unazidi kujilinda.

Bado mtoto akining'inia haitoshi. Ibane spika kwenye stendi (tazama «Spika ikae vipi juu ya pleti?»), na ufunge stendi ukutani kwa mnyororo mwembamba na skrubu yenye kitanzi iliyoingia kwenye plagi ya kushikia skrubu ukutani (si ya umeme). Waya wa spika uteremke nyuma ya mguu na ufungwe hapo: mtoto huvuta waya kabla hajaigusa spika.

Mguu mmoja au minne?

Mguu mmoja mnene unatosha kwa spika ya hadi kilo 8 au 9, mradi usipindike ukiusukuma juu. Miguu minne myembamba hushika vizuri spika pana. Ile yenye pointi tatu chini haiyumbi hata sakafu ikiwa na mawimbi, lakini ni rahisi kuangukia pale katikati ya pointi mbili, kwa hiyo usiichague kwenye nyumba yenye watoto.

## Kujaza mguu

Nijaze nini ndani ya mguu wa chuma?

Mchanga mkavu. Gonga mguu mtupu kwa konzi: unalia *ngwee* kama kengele. Ujaze, ugonge tena: *du*, basi. Chembe za mchanga husuguana na kuumeza mtetemo. Kokoto hazifai, zinagongana. Mchele na nafaka huleta fukusi na panya. Risasi, yaani yale madini mazito, ina sumu, iache.

Mchanga wa ufukweni unafaa?

Haufai. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata baada ya kukauka, na mguu utaoza kwa ndani pasipo wewe kuona. Tumia mchanga wa mto au wa kujengea. Uchekeche, uanike juu ya turubai siku mbili za jua kali au uukaange kwenye karai, uache upoe kabisa. Ukiubana mkononi na ukashikamana, bado. Kisha utie ndani ya mifuko mirefu ya plastiki kabla ya kuuingiza, ili usivujie kwenye upenyo wa welding na uweze kuutoa siku ya kuhama.

Nijaze mpaka juu?

Theluthi mbili zinatosha. Uzito ukikaa chini, kitovu kinakaa chini. Lita moja ya mchanga mkavu ina karibu kilo 1.6. Bomba la mraba la inchi 4 kwa 4, likijazwa sentimita 40, linachukua kilo 5 na nusu hivi.

## Kutengenezesha

Nimwambie nini fundi wa kuchomelea?

Kwa kila stendi: kipande kimoja cha bomba la mraba la inchi 4 kwa 4, unene milimita 3, kilichokatwa kwa kipimo chako ukishatoa unene wa pleti. Pleti ya chini sentimita 30 kwa 30, unene milimita 6. Ya juu kwa kipimo cha spika, milimita 3 hadi 4.

Kosa linalojirudia ni pleti kupinda kwa joto. Fundi akichomelea upande mmoja moja kwa moja, pleti inajikunja na stendi inayumba. Ashikize kwanza pembe nne kwa pointi fupi, akibadilisha pande zinazokabiliana, ndipo azibe kote. Pleti nyembamba kuliko milimita 6 hupinda hata kwa fundi mzuri. Kabla ya kulipa, isimamishe juu ya kioo au kigae kilichonyooka, uibonyeze kila pembe. Mwambie pia atoboe pembe nne za pleti ya chini na achomelee nati za M8 (za boliti ya milimita 8), ambazo baadaye zitapokea spaiki au miguu ya mpira. Pleti ya juu afunge kwa boliti badala ya kuichomelea, upate kujaza mchanga.

Piga msasa, rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, ndipo rangi unayoitaka.

Na seremala?

Mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mninga, mvule au mtiki, hutoa stendi nzuri na zisizolia. Mbao mbichi itapinda ndani ya miezi michache, na gundi itaachia. Plywood ya milimita 18 iliyogundishwa mara mbili kwa pleti ya chini ni imara na haisumbui. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni nzito na hailii, lakini haipendi maji: nyumba inayopigwa deki kila siku itaivimbisha kuanzia chini. Kama huna budi, paka vanishi kingo zote na uinue pleti kwa mipira ya sentimita 1. Inua pia stendi ya mbao yoyote, maana mchwa na maji hupitia palepale.

Naweza kutumia matofali ya saruji?

Ndiyo, na kwa sauti ni mazuri. Yalaze, usiyasimamishe. Tofali la inchi 6 likilazwa lina kimo cha sentimita 15, kwa hiyo manne hufika sentimita 60. Likisimamishwa kwa kichwa linaachiwa kitako chembamba mno. Weka vipande vya mpira au kapeti kati ya tofali na tofali na juu kabisa, kisha vika rundo zima kitenge. Uzito unapita kilo 100 kwa kila upande, kwa hiyo chagua mahali kwa uhakika kabla ya kupanga.

## Sakafu, na spika juu ya pleti

Spaiki zinafaa kwenye vigae?

Kwenye vigae vilivyolazwa juu ya zege, spaiki haziongezi kitu cha maana, tena zinakwaruza na kupasua. Tumia miguu ya mpira. Ukizitaka kwa ajili ya kusawazisha, weka sarafu au washa nene (kipete cha boliti) chini ya kila ncha. Faida yake ya kweli iko kwenye zulia nene: zinapenya mpaka zege na stendi inaacha kuyumba. Sawazisha kwa pimamaji, kisha kaza nati za kufungia, kwa sababu spaiki iliyolegea hulia kwa mlio mkali.

Ninaishi Ulaya, sakafu ni ya mbao yenye uwazi chini.

Nyumba nyingi za zamani za Uingereza ziko hivyo. Sakafu hiyo ni ngoma: spaiki huipelekea mtetemo. Weka mpira laini au sponji ngumu chini ya stendi, au pleti ya jiwe juu ya sponji. Itapunguza pia kinachomfikia jirani wa chini, ingawa besi inayosafiri kwa hewa itabaki.

Spika ikae vipi juu ya pleti?

Vidonge vinne vya Blu-Tack (gundi laini kama udongo wa kufinyanga), kila kimoja saizi ya njegere, kimoja kila pembe. Bonyeza hadi vibaki milimita 1 au 2. Siku ya kuitoa, zungusha spika polepole. Usiinyanyue wima, utabandua veneya, ile ngozi nyembamba ya mbao. Kwenye joto la pwani gundi hiyo hulainika na huweza kuacha alama ya mafuta kwenye mbao isiyopakwa vanishi. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa inashika vizuri pia, lakini mpira mweusi huacha doa kwenye spika nyeupe, kwa hiyo weka kitambaa chembamba katikati. Usipige skrubu kwenye kasha. Kama spika ina nyuzi za boliti chini, tumia hizo tu.

## Matatizo na hali za pekee

Sauti ya mtangazaji wa kiume inavuma kama yuko ndani ya pipa.

Karibu kila mara ni ukuta au kona, si stendi. Sogeza spika mbele sentimita 15, sikiliza taarifa ya habari ileile. Ikibaki, ziba tundu la hewa. Ikiendelea, sogeza kochi: ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma, mvumo uko kwako.

Kuna mlio wa *zzz* kwenye noti fulani za besi.

Piga kwa simu toni inayopanda kutoka hezi 40 hadi 300, na noti ikilia, isimamishe hapo. Bonyeza kwa kidole kimoja kimoja: pleti ya juu, boliti, spaiki, waya unaogusa mguu, kava ya spika. Kitakachonyamaza ukikigusa ndicho. Usisahau fremu za picha na vioo vya dirisha, vinadanganya sana.

Naweza kuilaza spika ubavu?

Twita na wufa zikikaa kando kwa kando, kukatana kulikoelezwa kwenye urefu kunahamia kulia na kushoto. Mtu mmoja aliyekaa katikati atasikia sawa, na jirani yake wa kochi atasikia kitu kingine. Simamisha.

Sina nafasi ya stendi kabisa.

Weka spika kwenye ukingo wa mbele wa kabati, uso wake ulingane na ukingo au utokeze kidogo, juu ya sponji ngumu ya sentimita 2 hadi 3, na uielekeze juu kwa hesabu tuliyotoa. Ondoa vyombo vya jirani. Bano la ukutani linafaa kwa spika isiyo na tundu la hewa au yenye tundu mbele.

Nina sabwufa (spika ya besi tu). Bado nahitaji stendi nzuri?

Ndiyo. Sabwufa ikichukua kila kilicho chini ya hezi 80, spika ndogo zinabeba sauti za watu na ala nyingi, na hizo ndizo zinazotegemea kimo cha twita. Sabwufa yenyewe ikae sakafuni, isiguse stendi.